Njia ya Mwongo ni Fupi

Wahenga hawakupayuka waliponena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hii nimeiandikia insha tangu shule ya msingi, na kila mara mwongo wangu alikuwa mwizi wa kuku au mwanafunzi aliyeghushi ripoti ya muhula. Sikujua kwamba siku moja nitaiandikia insha juu yangu mwenyewe. Msomaji mpenzi, safari hii mwongo ni mimi, na kitakachonifichua ni sinema. Sinema yenyewe haijatoka. Tarehe iliyotangazwa ni Ijumaa, 15 Januari 2027, na wenzangu darasani wanaihesabia siku kama watoto wanaongojea Krismasi. Mimi nilikuwa naihesabia siku kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Hebu nianze mwanzo ili tusiachane njiani.

Mwaka jana, 2025, alikuja shuleni petu mwalimu wa mazoezi akakaa muhula mmoja tu. Siku ya kuondoka aliwaachia wanafunzi wa darasa letu kitabu cha Kiingereza, kinene kama tofali, kurasa zaidi ya 500. Jalada lake lina uso wa msichana mweusi mwenye nywele nyeupe pe. Kitabu kinaitwa Children of Blood and Bone. Mimi nilikibatiza Watoto wa Damu na Mfupa. Kiliandikwa na Tomi Adeyemi, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, na kilipochapishwa mnamo Machi 2018 alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Baadaye aliandika vingine viwili vya kukifuata, vikawa vitatu kama mafiga.

Kwa ufupi, kisa kinatokea katika nchi ya kubuni iitwayo Orïsha. Zamani watu wengine wa nchi hiyo walikuwa na nguvu za ajabu: huyu anaamuru moto, yule maji, mwingine roho za waliokufa. Mfalme Saran akawachukia. Nguvu zile zilipotoweka, aliwaua wenyewe usiku mmoja, akawaacha watoto wao wenye nywele nyeupe wakidharauliwa na kutozwa kodi hadi wakonde. Mmoja wa watoto hao ni Zélie. Anaishi na baba yake na kaka yake Tzain katika kijiji cha wavuvi kinachoelea juu ya maji. Siku moja anakwenda Lagos kuuza samaki ili walipe kodi, na huko anakutana na Amari, binti ya mfalme, anayetoroka na hati ya kale inayoweza kurudisha nguvu zile. Wanakimbia pamoja juu ya mgongo wa simba mwenye pembe huku mwana wa mfalme akiwaandama. Nisiendelee zaidi. Wapo watakaonilaani kwa kuwamalizia utamu.

Wee! Kitabu hicho kilituwasha moto. Tulikuwa sita, tukatengeneza orodha ya zamu, kila mmoja siku nne, na ole wake atakayekunja ukurasa. Kitabuni kuna koo kumi za wenye nguvu, nasi tukajiona ukoo wa kumi na moja. Wakati wa chakula cha mchana, sahani ya githeri mkononi, tulikuwa tukikutana chini ya mwembe na kubishana mpaka kengele inalia.

Tulipopata habari kwamba kitabu kitafanywa filamu, mabishano yaliongezeka mara dufu. Habari hizo tulizisoma katika saiba ya sokoni Jumamosi moja, vichwa sita mbele ya kioo kimoja. Kumbe haki za kuifanya filamu zilikuwa zimenunuliwa tangu 2017, hata kabla kitabu hakijatoka! Mradi ukahama kutoka kampuni moja hadi nyingine, miaka ikapita, na mwishowe mwaka 2025 filamu ikapigwa huko Afrika Kusini chini ya mwongozaji Gina Prince-Bythewood. Zélie anaigizwa na Thuso Mbedu wa Afrika Kusini, na yule bibi anayewafunza wasichana kupigana kwa fimbo, Mama Agba, ni Viola Davis. Wawili hao waliwahi kuigiza pamoja katika The Woman King ya mwaka 2022, ambayo pia iliongozwa na mama huyo huyo. Mfalme Saran ni Chiwetel Ejiofor.

Basi mmoja wetu akasema sinema itaharibu kitabu, kama kawaida. Akatoa ushahidi wake: vitabu saba vya Harry Potter vilifanywa filamu nane kati ya 2001 na 2011, na bado mambo mengi mazuri yaliachwa nje. Mwingine akauliza mbona hadithi ya Kinigeria haikujaa waigizaji kutoka Nigeria. Akajibiwa kwamba Ejiofor, Cynthia Erivo na Damson Idris ni Waingereza waliozaliwa na wazazi Wanigeria. Akasema, "Si sawa na kutoka kule kule." Wa tatu, ambaye hupenda amani, alisema yeye anataka tu kumwona simba mwenye pembe, mengine tutajua mbele ya safari. Kila mmoja alikuwa ameshajichorea Zélie wake kichwani na aliogopa kunyang'anywa.

Mimi nilinyamaza. Walidhani nina busara. Kumbe nilikuwa na uoga.

Agosti ya mwaka huo huo wa 2025, mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mparachichi nyuma ya nyumba, akavunjika mguu. Alifungwa plasta kutoka kwenye wayo hadi pajani na kuambiwa asikanyage chini kwa wiki sita. Ana miaka kumi na mmoja sasa na yuko Gredi ya Sita. Mtoto huyo hajui kukaa. Kumfunga plasta ni kama kufunga upepo kwa kamba. Nyumbani tunakaa na Kukhu, nyanya yetu, kwa maana Mama alikwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia mwaka 2023 kwa kandarasi ya miaka miwili, kisha kandarasi ikaongezwa. Hupiga simu Ijumaa jioni. Siku nyingine mtandao hukwama, tunauona uso wake umesimama kama picha ya kitambulisho.

Zamu yangu ya kitabu ilifika wakati huo. Ili mtoto asiendelee kulia, nilianza kumsimulia Watoto wa Damu na Mfupa kila jioni baada ya ugali, yeye juu ya kitanda, mimi juu ya kigoda, taa ya sola katikati. Nilisoma ukurasa kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha nikautoa mdomoni kwa Kiswahili. Wenzangu waliponihurumia, wakanipa zamu zao. Nilisimulia jioni ishirini na tatu.

Sasa msomaji, jaribu wewe kutafsiri. Neno la kwanza tu lilinishinda. Kitabu kinasema juu ya nguvu za ajabu, na kamusi inasema "uchawi". Lakini kwetu mchawi ni mtu wa kufukuzwa kijijini usiku, si mtu wa kupendwa. Nikasema "kipawa". Kijiji kile kinachoelea nilikiweka juu ya Mto Nzoia, chini ya maporomoko ya Nabuyole, ili mtoto akione. Ikulu ya mfalme nikaipandisha juu ya kilima cha Chetambe. Milima yote ikawa Masaba, yaani Elgon, kwa maana huo ndio anaouona kila asubuhi mawingu yakiwa hayajaufunika. Kuna siku maalumu ambayo jua hufika mwisho wa safari yake upande mmoja wa dunia kabla ya kurudi. Sikulijua neno hilo la Kiingereza, basi nikasema ni siku jua linapomezwa na mwezi. Mwalimu wa Jiografia alipolieleza neno hilo darasani muhula uliofuata, nilijificha nyuma ya daftari kwa aibu.

Hayo ni makosa madogo. Nayasema ili kuchelewesha kosa kubwa.

Kitabuni, mama yake Zélie ameuawa. Mtoto aliyaona kwa macho yake alipokuwa mdogo, na jambo hilo linamfuata katika kitabu kizima kama kivuli. Nilifika hapo jioni ya kwanza. Nikainua macho, nikamwona mdogo wangu ananitazama, mguu mweupe umenyooka mbele yake, mdomo wazi. Jioni hiyo ilikuwa Ijumaa na simu ya Mama haikuwa imeingia. Ulimi wangu ukakataa. Nikasema, "Askari wakamchukua mama yake, wakamvusha bahari, wakampeleka kufanya kazi katika jumba la mfalme wa mbali."

"Atarudi?" akauliza.

"Kipawa kikirudi, naye atarudi," nikajibu.

Basi. Maneno manne tu. Lakini uongo ni kama kuku wa kienyeji, ukimpa mahali pa kulala leo, kesho ameleta vifaranga. Jioni zilizofuata ilinibidi nimtunze yule mama. Nilimfanya atume ujumbe kwa ndege. Nilimfanya aonekane katika ndoto akifua nguo za mfalme. Mdogo wangu alimpenda kuliko simba mwenye pembe. Zamu yangu ilipokwisha na plasta ilipofunguliwa, nilimwambia hadithi haijaisha, kuna vitabu vingine viwili. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Kisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikaleta mtego nyumbani. Mwaka huu muhula wa kwanza nilichapisha picha ya Thuso Mbedu katika saiba kwa shilingi ishirini nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Nilitaka kumfurahisha. Aliiangalia, akaruka, akapiga kelele kwamba Zélie yuko hai. Chini yake akaandika kwa makaa: 15 JANUARI 2027. Halafu akanigeukia.

"Dada, na mama yake ataigizwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maji yanachemka, nikakimbilia jikoni. Hapakuwa na maji yoyote motoni.

Tangu siku hiyo kila wenzangu waliposhangilia chini ya mwembe, tumbo langu liliunguruma. Nilijaribu kujitetea kimoyomoyo. Nilijiambia: hapa Lugulu hatuna jumba la sinema. Filamu itatufikia baadaye katika kibanda cha video, na huko wasimulizi kama DJ Afro wamezoea kuziingiza filamu za kigeni katika Kiswahili na Sheng, wakaongeza chumvi na pilipili mpaka mwenye filamu mwenyewe hawezi kuitambua. Watu hulipa na kucheka. Kama wao hawaitwi waongo, kwa nini niitwe mimi? Pia nilijiambia: waigizaji waliokuja kutuigizia riwaya teule waliongeza mhusika ambaye hayumo, na nusu ya darasa tukamwandika katika mtihani, tukapata sufuri. Mbona wao hawakuomba msamaha?

Lakini moyo haudanganyiki kwa hoja za baraza la mjadala.

Jioni moja nilipokuwa nachambua mboga na Kukhu, nilimweleza yote. Kukhu hajawahi kuingia sinema, ila kwa hadithi hana mpinzani. Ndiye aliyetusimulia manani, yale madubwana ya Kibukusu yanayomeza watu, na Mango aliyeliua joka kubwa lililowamaliza watu. Nilidhani atanigombeza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi pia hubadilisha," akasema. "Mama yenu alipokuwa mdogo, linani lilimmeza mtoto wa hadithi na ikawa mwisho. Nyinyi mlipozaliwa, nikaona mnaogopa giza, basi nikakata kidole cha linani na mtoto akatoka mzima. Hadithi huambiwa mtu, mjukuu wangu. Haiambiwi ukuta."

Nikapumua. Nikadhani nimepona.

Akaacha kucheka. "Lakini wewe hukubadilisha hadithi. Wewe ulimwahidi mama yake. Kila anapomngoja yule wa kitabuni, anamngoja wa Saudia. Je, tarehe ya kurudi kwake unaijua wewe?"

"Siijui, Kukhu."

"Basi kamwambie kwamba huijui."

Usiku huo nilikaa tena juu ya kile kigoda. Msomaji, nimewahi kusimama mbele ya shule nzima kughani shairi, magoti hayakutetemeka vile. Nilimwambia kwamba kitabuni mama yake Zélie hakuvushwa bahari. Nilimwambia aliuawa, na kwamba nilijua tangu mwanzo.

Alinyamaza. Kisha akauliza polepole, "Na wetu?"

"Wetu yuko Saudia. Alipiga Ijumaa. Ulizungumza naye mwenyewe."

"Atarudi lini?"

"Sijui."

"Ulisema kipawa kikirudi."

"Nilidanganya."

Aligeukia ukuta. Siku mbili hakunisemesha. Akitaka chumvi alimwambia Kukhu aniambie nimpe chumvi. Nilimwona shuleni kwao akipita na wenzake, akanikwepa kama deni. Nilijua nimestahili, ila maumivu hayaulizi kama umeyastahili.

Ijumaa ikafika, simu ikaita. Kwa kawaida yeye humwambia Mama mambo ya mpira na alama za Hisabati. Siku hiyo aliichukua simu kutoka mikononi mwangu, akaitazama ile sura kwenye kioo, akasema, "Mama, utarudi lini? Usiseme karibuni. Niambie tarehe."

Mama alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani mtandao umekwama tena. Haukuwa umekwama, maana nilimwona akipangusa jicho kwa ncha ya shungi. Akasema kandarasi inaisha mwisho wa Machi 2027, na kwamba safari hii hataiongeza, Mungu akipenda. Hakuwa amewahi kutuambia hivyo. Pengine hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Sisi wakubwa tulikuwa tukimwambia tu kwamba tuko salama na tumepokea pesa.

Mdogo wangu alimrudishia Kukhu simu, akachukua kaa jikoni, akapanda juu ya kitanda. Chini ya 15 JANUARI 2027 akaandika MACHI 2027. Akazitazama tarehe zote mbili kama mwalimu anayesahihisha, halafu kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili akanisemesha.

"Sinema ichelewe ikitaka. Si mlisema imechelewa tangu 2017? Hii ya chini ndiyo isichelewe."

Siku iliyofuata aliniambia nilete kitabu. Alitaka tuanze upya kutoka ukurasa wa kwanza, bila uongo. Sasa tunasoma pamoja jioni za wikendi. Mimi nasoma Kiingereza kwa sauti, kisha natafsiri, na nikifika pahali nisipopajua nasema "sijui" na tunafungua kamusi. Tumeshapita pale mama anapouawa. Alishika mkono wangu, hakusema neno, akaniambia niendelee. Sharti moja tu ndilo aliloniwekea: Mto Nzoia ubaki, na Chetambe na Masaba vibaki. "Hiyo si uongo," alisema. "Hiyo ni ili tuone."

Ndugu zangu wa Chama cha Kiswahili, filamu itakapotoka tutaitafuta, iwe kwa saiba au kwa kibanda cha video, na bila shaka tutagombana. Atakayeona Zélie wake amebadilishwa atanuna, na atakayemwona simba mwenye pembe atapiga mbinja. Mwaka huo huo wa 2027 sisi darasa la mwisho la 8-4-4 tutaukalia mtihani wa KCSE, na walimu watatuuliza mbona tunapoteza muda. Mimi nitakuwa nimeketi kando ya mdogo wangu. Mama wa Zélie atakapouawa mbele yetu, kama wataonyesha, mtoto hatashtuka kwa sababu yangu. Nimefurahi kwamba njia ya mwongo ilikuwa fupi. Ingekuwa ndefu, ningemkuta mwenyewe mwishoni mwake, peke yake gizani, mbele ya kioo.

Kwa sasa nangoja tarehe mbili zilizoandikwa kwa makaa ukutani. Ya juu naingoja pamoja nanyi nyote. Ya chini naingoja nyumbani, na nikiulizwa kama itatimia, nasema sijui, kisha nahesabu siku pamoja naye.